Akiba ya kawi Meru na Embu yafaa ianzie jikoni

KILA bonasi ya majani chai inapolipwa, maduka ya vifaa vya ujenzi katika miji ya Nkubu, Runyenjes na Embu hushuhudia shughuli nyingi. Wakulima hununua mabati, saruji na mbao. Wengine hununua runinga, na wengine hulipa karo iliyokuwa imechelewa. Ni nadra sana jiko kuwamo katika orodha ya vitu ambavyo mkulima alikuwa akingojea fedha hizo ili avinunue.

Hata hivyo, ukizunguka nyuma ya nyumba nyingi mpya zilizoezekwa kwa mabati ya rangi, utakuta jikoni ni kule kule kwa zamani: kibanda cha mbao kilichopakwa masizi, mafiga matatu katikati, na kuni mbichi zikitoa moshi kuliko moto. Nyumba imebadilika lakini jiko halijabadilika.

Mjadala kuhusu gharama ya kawi nchini umezoea kuelekezwa kwenye bei ya umeme na mafuta. Hilo linaeleweka, kwa maana bei hizo hutangazwa na kila mtu huzisikia. Lakini kwa familia ya kawaida katika kaunti za Meru na Embu, sehemu kubwa ya kawi ya nyumbani hutumika katika upishi, na hapo ndipo upotevu mkubwa hutokea. Hoja ya makala haya ni kwamba njia nafuu za kupunguza upotevu huo zimejulikana kwa zaidi ya miaka 40. Kinachozizuia kuenea ni namna maamuzi ya fedha yanavyofanywa nyumbani na serikalini.

Kuni na mabwawa

Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya familia nchini Kenya zilitegemea kuni katika upishi. Gesi ya mitungi ilitumiwa na asilimia 23.9, makaa asilimia 11.6, na mafuta taa asilimia 7.8. Katika sensa hiyo hiyo, nusu ya familia zilikuwa zikiangaza nyumba zao kwa umeme wa gridi, nazo asilimia 19.3 zilitumia mwanga wa sola. Hii ina maana kwamba familia nyingi zilizowasha taa ya umeme sebuleni ziliendelea kupika kwa kuni.

Kinaya hiki kinaonekana wazi zaidi Embu kuliko kwingineko. Ni katika Mto Tana, kwenye mpaka wa Embu na majirani zake Machakos na Kitui, ambapo taifa lilijenga msururu wa mabwawa yanayojulikana kama Seven Forks. Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru, Masinga na hatimaye Kiambere mwaka wa 1988. Kwa miaka mingi mabwawa hayo yalikuwa tegemeo kuu la umeme wa Kenya. Ukame ulipoyakausha mwaka wa 2000, nchi nzima iliingia katika mgao wa umeme. Hadi leo wapo wakazi wa Mbeere wanaotazama nyaya za umeme zikipita juu ya mashamba yao huku wakibeba kuni mgongoni.

Mafiga matatu yana sifa zake. Hayanunuliwi, hukubali sufuria ya ukubwa wowote, na huota familia nzima wakati wa baridi. Kasoro yake ni kwamba, kwa makadirio ya wataalamu, kati ya asilimia 10 na 15 tu ya joto la kuni ndilo huingia katika chakula. Linalosalia hupeperuka ubavuni mwa sufuria, hupasha mawe na ukuta, au hugeuka moshi. Mama anayebeba mzigo wa kuni kutoka msituni hadi nyumbani hupikia kipande kidogo tu cha mzigo huo.

Makaa nayo yana hasara iliyofichika. Katika tanuri za udongo zinazotumiwa na wachomaji wengi, kilo moja ya makaa huhitaji kati ya kilo tano na 10 za mbao. Mkazi wa mjini Embu au Meru anayenunua makaa kwa mkebe haoni miti iliyoteketea katika nyanda kavu ili mkebe huo ujae.

Hatua zisizohitaji fedha

Kabla ya kuzungumzia majiko mapya, yafaa tutaje mambo ambayo hayagharimu hata shilingi moja. La kwanza ni kukausha kuni. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzani wake. Maji hayo sharti yageuke mvuke kabla ya kuni kutoa joto la maana, na kazi hiyo hufanywa na moto wenyewe. Kuni zilizopasuliwa vipande vyembamba na kupangwa chini ya paa kwa miezi michache huwaka kwa nguvu zaidi na kutoa moshi mchache.

La pili ni maharagwe. Githeri ni chakula cha kila siku katika maboma mengi ya eneo hili, nacho hula kuni kwa saa kadhaa. Kuloweka mahindi na maharagwe usiku kucha kabla ya kupika hupunguza muda huo kwa kiasi kikubwa. Kufunika sufuria na kupunguza moto mara maji yanapochemka husaidia pia, kwa kuwa maji yanayotokota kwa nguvu hayana joto zaidi ya yanayotokota polepole.

La tatu ni kikapu cha kuhifadhi joto, ambacho baadhi ya vikundi vya wanawake vimekuwa vikikishona na kukiuza. Kikapu cha kawaida hutandikwa ndani kwa matambara, blanketi kuukuu au sufi, na kuwekewa mto wa kufunikia. Chakula kikichemshwa vya kutosha hutiwa humo pamoja na sufuria yake, kikaendelea kuiva bila moto. Wali, ndizi na hata githeri iliyolowekwa huiva vyema. Anayejua kushona anaweza kukitengeneza kwa vitu vilivyomo nyumbani mwake.

Miti iliyomo shambani nayo ni hazina. Mashamba ya Embu na Meru yamejaa mikima, yaani miti ya grevilea, iliyopandwa mipakani na kati ya mibuni. Mti huu huvumilia kupogolewa mara kwa mara bila kufa. Kaliandra, ambayo watafiti wa kilimo waliieneza Embu katika miaka ya 1990 kama lishe ya ng'ombe wa maziwa, huacha vijiti vinavyofaa kuwa kuni baada ya ng'ombe kula majani. Familia yenye mpango wa kupogoa na jiko zuri inaweza kujitosheleza bila kuingia msituni.

Majiko yaliyoboreshwa

Mnamo Agosti 1981, Nairobi iliandaa kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu kawi mpya na jadidifu. Baada ya hapo, wataalamu na mafundi wa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, wakalifanyia marekebisho hadi likawa jiko tunalolijua sote: bati lililobana kiunoni, na ndani yake kikombe cha udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Udongo huo huzuia joto lisitorokee ubavuni. Jiko hili hupunguza matumizi ya makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na lile la bati tupu.

Kwa upande wa kuni, katikati ya miaka hiyo ya 1980 chama cha Maendeleo ya Wanawake kikishirikiana na shirika la Ujerumani la GTZ kilieneza kikombe cha udongo kinachojengewa kwa matope na mawe jikoni. Baadaye kilikuja kuitwa Jiko Kisasa. Wanawake wafinyanzi walipata soko, na jiko lenyewe lilikuwa la bei ambayo mkulima mdogo angeweza kuimudu.

Tufanye hesabu. Tuseme familia mjini Embu hutumia makaa ya Sh100 kwa siku. Jiko linalookoa thuluthi moja tu litaiachia takriban Sh33 kila siku, yaani karibu Sh1,000 kwa mwezi. Hata kama jiko hilo lingegharimu Sh1,500, fedha hizo zingekuwa zimerudi kabla ya mwezi wa pili kuisha. Ni biashara chache mno ambazo hurejesha mtaji kwa kasi hiyo.

Ila yapo mawili ya kutahadhari. Kwanza, soko limejaa majiko ya kuigiza ambayo kikombe chake hupasuka baada ya wiki chache kwa sababu udongo haukuchaguliwa wala kuchomwa ipasavyo. Mnunuzi aliyetapeliwa mara moja huwa mgumu kushawishika tena. Pili, jiko linalookoa kuni haliondoi moshi wote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka wa 2020, na waathiriwa wakubwa ni wanawake na watoto. Ndiyo maana nafasi ya moshi kutokea juu ya ukuta na kukausha kuni ni mambo ya lazima hata baada ya jiko jipya kununuliwa.

Hapa yafaa itolewe onyo kwa wakazi wa sehemu zenye baridi kali kama vile Timau na miinuko ya Imenti. Kuziba nyufa za nyumba ya mbao na kuweka dari chini ya mabati ni njia nzuri ya kuhifadhi joto. Lakini kuingiza jiko la makaa katika chumba cha kulala kilichozibwa ni kukaribisha kifo. Gesi ya sumu inayotokana na makaa haina rangi wala harufu, nayo humuua mtu akiwa usingizini. Nyumba ikishazibwa, joto litafutwe katika blanketi na nguo, na jiko libaki nje.

Gesi na samadi

Gesi ya mitungi hupika haraka na haina moshi. Tatizo ni kwamba familia haikununua kwa utulivu, kwa kuwa sera za ushuru zimekuwa zikiyumba. Ushuru wa thamani uliondolewa mwaka wa 2016, ukarejeshwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ukapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka wa 2022, kisha ukaondolewa tena mwaka wa 2023. Mama aliyenunua mtungi mwaka wa 2020 alijikuta mwaka uliofuata akiuweka pembeni na kurejea kwenye makaa. Upande wa mafuta taa, serikali iliongeza ada ya Sh18 kwa lita mwaka wa 2018 ili kukomesha wanaoyachanganya na dizeli. Lengo lilikuwa jema, ila aliyeumia ni maskini aliyeyategemea kupikia.

Kwa mfugaji, jawabu limo zizini. Embu na Meru ni maeneo ya ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bila kuachiliwa malishoni, na samadi yao hukusanyika mahali pamoja. Samadi ya ng'ombe wawili au watatu, ikichanganywa na maji na kufungiwa katika mtambo wa bayogasi, inaweza kutosheleza sehemu kubwa ya upishi wa familia. Matope yanayotoka ni mbolea bora kwa migomba na mibuni. Mpango wa kitaifa wa bayogasi ulioanza mwaka wa 2009 kwa ufadhili wa Uholanzi ulisaidia maelfu ya wakulima nchini kujenga mitambo hiyo.

Hata hivyo, ujenzi wake hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na mara nyingi zaidi. Isitoshe, ng'ombe wakiuzwa ili karo ilipwe, mtambo husimama. Valvu ikiharibika na fundi aliyeijenga amehamia kwingine, mkulima hurudi kwenye kuni. Bayogasi ni njia nafuu kwa muda mrefu, lakini kwa familia isiyokuwa na ng'ombe wala akiba si mahali pa kuanzia.

Somo la Karamugi

Katika umeme wenyewe, hesabu rahisi inatosha. Balbu nne za zamani za wati 60, zikiwashwa saa tano kila usiku, hutumia takriban uniti 36 kwa mwezi. Balbu nne za LED za wati 9 zenye mwanga unaokaribiana nazo hutumia uniti tano na nusu hivi. Katika mpangilio wa bei ulioanza Aprili 2023, mteja asiyezidi uniti 30 kwa mwezi alitengewa bei ya chini kuliko wengine. Kwa hiyo balbu peke yake zinaweza kumtoa au kumbakiza mtu katika kundi hilo. Anayetumia bomba la kuogea linalochemsha maji kwa umeme naye ajue kwamba kifaa cha kilowati nne, kikitumiwa dakika 10 na kila mmoja wa watu wanne kwa siku, hufyonza uniti 80 kwa mwezi.

Wapo wanaopendekeza sufuria ya umeme ya presha, ambayo hupika maharagwe kwa nusu uniti au pungufu. Kampuni ya Kenya Power imekuwa ikiendesha kampeni ya kuhimiza upishi wa umeme. Kwa aliye na umeme wa kutegemewa, pendekezo hili lina mashiko. Kikwazo ni bei ya sufuria yenyewe, pamoja na umeme unaopotea kila mvua inaponyesha.

Kuhusu jua, Meru ina historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka wa 1984, Shule ya Upili ya Karamugi iliwekewa mtambo wa sola badala ya kununua jenereta ya dizeli. Waliohusika ni Mmarekani Harold Burris, aliyekuwa na kampuni ndogo ya sola katika eneo hilo, na Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea. Mafundi wa eneo hilo walifunzwa kazi, walimu na wakulima wa kahawa wakaona taa zikiwaka, nao wakataka za nyumbani kwao. Ni kutokana na mwanzo huo wa eneo la Mlima Kenya ambapo soko la sola za nyumbani lilikuja kuenea nchini, kwa sehemu kubwa kwa fedha za wananchi wenyewe.

Somo la Karamugi lina pande tatu. Watu walikiona kifaa kikifanya kazi kwa jirani. Fundi wa kukitengeneza alikuwa karibu. Na fedha za kahawa zilikuwapo wakati wa kununua. Aidha, mwishoni mwa miaka ya 1990 paneli duni zilizoingia sokoni ziliwakatisha tamaa baadhi ya wanunuzi, jambo linalothibitisha kwamba ubora usiposimamiwa, imani hupotea upesi.

Anayelipa na anayevuta moshi

Kwa nini basi jiko halikuenea kama sola? Jibu moja ni kwamba taa ya sola humulika sebuleni, na mwenye nyumba huiona na kujivunia mbele ya wageni. Jiko liko nyuma ya nyumba. Katika maboma mengi, akaunti inayopokea malipo ya majani chai au kahawa ina jina la mume, ilhali anayechuma majani, anayesaka kuni na anayevuta moshi ni mke na mabinti zake. Mume hapotezi shilingi jiko likiwa baya, kwa sababu kuni za kuokota hazionekani katika hesabu yake. Saa zinazopotea ni za mtu mwingine.

Kwa mintarafu hiyo, kumwambia mama kwamba jiko bora litamwokolea muda hakutoshi ikiwa hana fedha za kulinunua. Vikundi vya wanawake vimejaribu kuziba pengo hili kwa kuchangiana kila mwezi na kumnunulia mwanachama mmoja mmoja jiko au mtungi wa gesi. Ni mbinu inayostahili kuungwa mkono. Lakini vyama vya akiba na mikopo vya wakulima, vilivyo na uwezo mkubwa zaidi, vingefanya zaidi kwa kuanzisha mkopo mdogo wa jiko unaokatwa katika malipo ya mazao, na kumruhusu mke auombe kwa jina lake.

Serikali za kaunti nazo haziwezi kukwepa wajibu. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 inazitaka kaunti kuandaa mipango yao ya kawi. Mpango wa Embu au Meru utakaohesabu nguzo za umeme pekee utakuwa umeacha nje mahali kawi nyingi inapotumika. Unapaswa kutaja majiko mangapi yatapimwa ubora, mafundi wangapi wa bayogasi watafunzwa katika vyuo vya kiufundi, na shule ngapi zinazopikia mamia ya wanafunzi kwa kuni zitasaidiwa kubadili meko yake. Serikali ya kitaifa imejiwekea shabaha kwamba kila Mkenya awe akipika kwa njia safi kufikia mwaka wa 2028. Shabaha hiyo haitafikiwa ikiwa ushuru wa gesi utazidi kupanda na kushuka.

Athari za kusitasita tayari zimewahi kuonekana. Mwaka wa 1999, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilifanya uchunguzi kutoka angani katika misitu ya Mlima Kenya na Imenti, likapata ukataji haramu wa miti na uchomaji makaa kwa kiwango cha kutisha. Msitu ulikabidhiwa ulinzi mkali zaidi mwaka uliofuata. Tangu hapo marufuku za ukataji miti zimewekwa na kuondolewa, ya mwisho ikiwekwa Februari 2018 na kulegezwa mwaka wa 2023. Marufuku huzuia shoka kwa muda, lakini haipunguzi kuni zinazohitajika jioni ile ile.

Miteremko inapoachwa wazi, kwa kilimo kibaya na kwa ukataji miti, udongo husombwa na mito hadi Tana, ukajaa katika bwawa la Masinga na kupunguza maji yanayohifadhiwa humo. Hivyo jiko baya la Runyenjes au Nkubu lina sehemu yake, hata kama ni ndogo, katika umeme unaokatika Nairobi.

Familia isingoje mpango wa serikali ili ianze. Wiki hii inaweza kukausha kuni, kuloweka maharagwe na kufunika sufuria. Mwezi ujao inaweza kununua jiko lenye kikombe imara na balbu mbili tatu. Na bonasi ijayo itakapolipwa, mume na mke waketi pamoja kabla ya safari ya dukani, na jiko liwe la kwanza katika orodha. Haba na haba hujaza kibaba, na katika jambo hili kibaba hujazwa na kuni ambazo hazikuchomwa.